Chavua ya Miti na Hali ya Hewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, theluji ya mwisho ikishayeyuka, maswali yaleyale huanza kuzunguka miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia Ulaya ya Kaskazini: macho yanawasha, pua inatiririka, na anayeulizwa hajui alaumu mvua, upepo au jua. Majibu yaliyo hapa chini yanamfuata zaidi mbetula, ule mti wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, kwa kuwa ndio unaowasumbua watu wengi zaidi katika nchi hizo na uhusiano wake na hali ya hewa umechunguzwa kwa miaka mingi. Pale ambapo mti mwingine unaeleza jambo vizuri zaidi, umetumika huo.

## Mambo ya msingi

1. Chavua ya miti ni nini, na kwa nini miti mingine huirusha hewani na mingine hairushi?

Chavua ni unga unaotoka katika sehemu ya kiume ya ua, na kazi yake ni kulifikia ua la kike la mti wa jinsi ileile. Miti yenye maua ya rangi na harufu, kama mchungwa, huwaachia nyuki kazi hiyo. Chavua yake hunata na ni nadra kufika mbali na ua. Miti ya upepo haina haja ya kujipamba. Maua yake ya kiume ni vishada vya kuning'inia, vya kijani au hudhurungi, ambavyo mpita njia hawezi hata kuvitambua kuwa ni maua, na kwa kuwa upepo haulengi shabaha, mti hufidia kwa wingi: kishada kimoja tu cha mbetula hutoa mamilioni ya chembe.

Chembe moja ya mbetula ina upana wa maikromita 20 hadi 25, yaani takriban theluthi moja ya unene wa unywele. Udogo huo ndio chanzo cha karibu kila jambo linaloelezwa katika ukurasa huu, kwa sababu kitu chepesi kiasi hicho hakianguki upesi, bali huelea mpaka hewa yenyewe iamue kukishusha.

2. Kwa nini nyumbani sikuwahi kupiga chafya, na huku nimeanza baada ya miaka mitatu?

Hakuna anayezaliwa na mzio wa chavua ya mbetula. Kinga ya mwili inahitaji kwanza kukutana na protini za chavua hiyo, mara nyingi kwa misimu kadhaa, kabla ya kuzifanya adui. Ndiyo maana mgeni hupita msimu wa kwanza na wa pili bila tabu, akawacheka wenyeji, kisha wa tatu au wa nne ukamwangusha.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Majira ya baridi huizuia miti yote kwa pamoja, na joto linaporudi huifungulia kwa pamoja, hivyo chavua ya eneo zima hutoka katika majuma machache. Karibu na ikweta hakuna kizuizi cha namna hiyo. Miti mingi hufuata mvua, kila mmoja kwa wakati wake. Haina maana kwamba nyumbani hakuna mzio wa chavua. Mti wa mathenge uliotapakaa Baringo, Kenya, kwa mfano, umeenea pia katika nchi za Ghuba, na huko chavua yake inajulikana na madaktari.

3. Jakaranda za Nairobi zikichanua napiga chafya. Si ndizo zinazosababisha?

Yamkini sizo. Jakaranda huchavushwa na wadudu, na ua la zambarau lililoanguka barabarani halina hatia ila kuonekana. Huchanua zaidi kati ya Septemba na Novemba, wakati vumbi la kiangazi bado liko hewani na nyasi zinaanza kuamshwa na mvua za vuli.

Anayetaka kuiona chavua ya upepo kwa macho yake Afrika Mashariki afike kwenye mashamba ya misonobari ya Sao Hill, Mufindi, wakati wa maua, aangalie kingo za madimbwi baada ya mvua: utando wa manjano uliozunguka maji ndio chavua yenyewe. Chembe ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa ubavuni mithili ya maboya, ni kubwa kuliko ya mbetula, na ajabu ni kwamba haimo katika orodha ya wachokozi wakubwa wa mzio. Utando huo wa manjano huwatisha wengi bure, ilhali chavua ya mbetula hupita hewani bila kuonekana.

4. Kwa ufupi, hali ya hewa inaathiri chavua kwa njia gani?

Inaingilia mara tatu. Hali ya hewa ya kiangazi kilichopita, yaani majira ya joto ya huko Ulaya, huamua wingi wa chavua (swali la 5). Ya majuma yanayotangulia msimu huamua tarehe ya kuanza (swali la 6 na la 7). Na ya siku yenyewe huamua saa chavua itakapotoka na umbali itakaokwenda (swali la 9 hadi la 15). Wengi wetu huitazama mbingu ya leo peke yake, kisha tunashangaa kwa nini siku mbili zinazofanana, mwaka huu na mwaka jana, hazikuumiza sawasawa.

## Kabla ya msimu

5. Kwa nini mwaka huu ni mbaya kuliko mwaka jana, ilhali hali ya hewa inaonekana ileile?

Kwa sababu vishada vinavyochanua Aprili hii vilitengenezwa kiangazi kilichopita. Mbetula huunda vishada vyake vya kiume katikati ya mwaka, ukavibeba vikiwa vimefumba juu ya matawi majira yote ya baridi. Ukitembea Desemba utaviona, vigumu, viwili au vitatu kwenye ncha ya kila kitawi. Kiangazi chenye joto na jua la kutosha huacha vishada vingi; kiangazi cha mawingu na baridi huacha vichache.

Jambo la pili ni kwamba mti uliozaa sana mwaka mmoja huelekea kupumzika unaofuata, kwa hiyo miaka ya wingi na ya uhaba hupokezana, ingawa si kwa utaratibu mkamilifu. Japani wanaijua kanuni hii vizuri kutokana na mti wao uitwao sugi, uliopandwa kwa wingi mno baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Joto na jua la kiangazi kilichopita ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayoangaliwa huko katika kubashiri msimu wa Februari hadi Aprili.

6. Msimu huanza lini hasa?

Mti hauhesabu kwa kalenda, bali kwa joto. Kwanza unahitaji kipindi cha baridi ya kutosha ili utoke usingizini, na baada ya hapo huanza kulimbikiza joto kama mtu anayeweka akiba: kila siku inayozidi kiwango fulani cha halijoto huongeza kidogo, siku ya baridi haiongezi kitu, na akiba ikitimia vishada hufunguka. Kwa hiyo Machi yenye joto huuvuta msimu mbele kwa majuma, na Machi ya baridi huusukuma nyuma.

Miti ya hazeli na alda hutangulia, hata Januari au Februari ikiwa baridi si kali. Mbetula hufuata: Ujerumani na Uingereza kwa kawaida Aprili, Stockholm na Helsinki kuanzia mwisho wa Aprili kuingia Mei, na kaskazini kabisa mwa Skandinavia baadaye zaidi. Mtu anayesafiri kutoka Berlin kwenda Helsinki mwanzoni mwa Mei anaweza kuupitia msimu mmoja mara mbili.

7. Theluji ikianguka katikati ya Aprili, je, msimu umekwisha?

Haujakwisha, umesimama tu. Vishada ambavyo havijafunguka hustahimili baridi na kungoja, na kila siku ya kungoja huwaleta miti iliyochelewa usawa mmoja na iliyotangulia. Siku ya kwanza ya jua, yenye nyuzi 15 hadi 20 na upepo mkavu, yote hufunguka kwa pamoja. Baadhi ya siku mbaya kabisa za mwaka huja hivyo, moja kwa moja baada ya juma la baridi ambalo watu walilishukuru.

8. Je, mabadiliko ya tabianchi yameurefusha msimu?

Ndiyo, mahali pengi. Uchambuzi wa vituo 60 vya Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha takwimu za 1990 hadi 2018 ukaona kwamba msimu wa chavua ulikuwa umesogea mbele kwa takriban siku 20, umerefuka kwa siku 8 hivi, na kiasi cha chavua kilikuwa kimeongezeka kwa asilimia 21, ongezeko kubwa likiwa la miti. Kuna kinyume chake kidogo kinachostahili kutajwa: pale ambapo majira ya baridi yanakuwa na joto kupita kiasi, mti unaweza kukosa baridi unayohitaji (tazama swali la 6), na msimu ukachelewa badala ya kuwahi.

## Siku yenyewe

9. Ni saa gani za siku zenye chavua nyingi?

Karibu na miti, siku kavu ya msimu huwa mbaya zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Sababu yake unaweza kuiona mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi, tawi likiwa na umande, ligonge kishada kwa kidole: hakitoki kitu. Vifuko vya chavua vimefumba, kwa kuwa vinahitaji kukauka ndipo vipasuke. Rudi saa tano, jua likiwa limekwisha kukausha hewa, ugonge kishada kilekile. Moshi mdogo wa manjano utatoka, usogee kando kwa pumzi yako mwenyewe, na kabla hujakunja kidole umekwisha kutoweka.

Kwa hiyo kipimo cha kuangalia ni unyevu wa hewa zaidi ya halijoto. Siku ya nyuzi 12 yenye hewa kavu inaweza kutoa chavua nyingi kuliko siku ya nyuzi 18 yenye ukungu. Hewa kavu huifanyia chembe jambo jingine pia: chembe hupoteza maji, hujikunja, huwa nyepesi, na huelea kwa muda mrefu zaidi.

10. Upepo mkali ni mbaya kuliko hewa tulivu?

Inategemea umesimama wapi. Upepo wa mishtuko, unaotikisa matawi na kuacha, ndio unaokung'uta chavua kutoka vishadani. Lakini ukiwa mkali sana huichanganya na hewa nyingi, hivyo aliye chini ya mti huvuta chembe chache zaidi ilhali aliye mbali huletewa ambazo asingezipata. Hewa tulivu kabisa huliacha wingu papo hapo. Kwa mwenye mibetula uani, siku mbaya ni ya upepo mwanana. Kwa mwenye kuishi mjini pasipo na miti, ni ya upepo wa wastani unaotoka upande wa misitu. Mabaharia wa Lamu waliokuwa wakiuliza kwanza upepo unatoka wapi, kaskazi au kusi, kabla ya kuuliza una nguvu kiasi gani, wangeielewa kanuni hii bila kufundishwa.

11. Mvua husafisha hewa, sivyo?

Husafisha, kwa masharti matatu ambayo watu huyasahau.

La kwanza ni aina ya mvua. Matone makubwa yanayoshuka kwa muda wa kutosha hugongana na chembe, huzinasa na kuzishusha, na chembe za ukubwa wa chavua hunaswa kwa urahisi kuliko moshi. Manyunyu ya dakika kumi, kinyume chake, hufanya kazi ndogo.

La pili ni wakati wa mvua. Mvua ya alfajiri hulowesha vishada na kuchelewesha utoaji, mara nyingine kwa siku nzima. Mvua ya jioni huikuta chavua ya mchana imekwisha kutoka. Inaisafisha hewa, lakini wewe umekwisha kuivuta.

La tatu ndilo linalowadanganya wengi: chavua ambayo haikutoka siku za mvua haikupotea. Imo vishadani, na nyingine imeendelea kukomaa. Siku mbili za mvua zikifuatwa na asubuhi ya jua na upepo mkavu huleta mlipuko unaofanana na ule wa swali la 7. Wenye mzio hupata nafuu siku ya mvua, huacha dawa, na siku inayofuata huwakuta hawana kinga. Ikiwa dawa uliyoandikiwa ni ya kutumia kila siku ya msimu, mvua si sababu ya kuiruka.

12. Nimesikia kwamba dhoruba ya radi ni hatari kwa wenye mzio. Je, ni kweli?

Ni kweli, na jambo hili ni la kuchukuliwa kwa uzito. Tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ya radi ilipita Melbourne, Australia, na katika saa chache maelfu ya watu walifurika hospitalini wakikosa pumzi. Watu kumi walifariki. Chavua iliyohusika ilikuwa ya nyasi, si ya miti. Chembe nzima ya chavua ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu na kwa kawaida huishia puani na kooni. Ikikutana na maji, hata hivyo, hunyonya, hufura na kupasuka, ikamwaga vipande vidogo vya wanga vilivyobeba protini za mzio, na vipande hivyo hupenya hadi kwenye mirija midogo. Upepo baridi unaotangulia dhoruba huvikusanya na kuvisukuma chini, wanakopumulia watu.

Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba chavua ya mbetula nayo huweza kumwaga vipande vyake kwenye unyevu, ingawa mengi ya matukio makubwa yanayojulikana yamekuwa ya nyasi. Anayeathirika zaidi ni mwenye mzio wa chavua pamoja na pumu, hata ile isiyotambuliwa. Kwa mtu huyo, dakika ishirini au thelathini za mwanzo wa dhoruba si za kutoka nje wala kuacha madirisha wazi, na dawa ya kuvuta inapaswa kuwa karibu. Pumzi ikibana na dawa isisaidie, hiyo ni dharura.

13. Kwa nini naamka usiku nikipiga chafya, wakati miti haitoi chavua gizani?

Chavua ya mchana haijaondoka. Jua linapopasha ardhi, hewa yenye joto hupanda na kuibeba chavua mamia ya mita juu. Jioni mpando huo hukoma, na usiku wa anga tupu ardhi hupoa haraka, hewa baridi ikatanda chini na ile vuguvugu ikaifunika kama kifuniko cha sufuria. Chembe zilizokuwa juu hushuka polepole, na zilizonaswa chini ya kifuniko hazina pa kwenda. Katika miji mingi kipimo hupanda tena jioni au usiku. Dirisha lililofunguliwa saa tatu usiku ili kupata hewa safi huweza kuingiza chavua kuliko lililofunguliwa alfajiri yenye umande.

## Safari ndefu

14. Mtaani kwangu hakuna mbetula hata mmoja. Chavua inatoka wapi?

Tufanye hesabu. Chembe ya mbetula hushuka kwa takriban sentimita moja kwa sekunde. Ikipandishwa na hewa ya mchana hadi mita 500, itahitaji sekunde 50,000 kufika chini, ambazo ni karibu saa 14. Kama upepo wa juu unakwenda kilomita 36 kwa saa, kwa muda huo chembe imesafiri kilomita 500.

Ndivyo inavyotokea. Finland hupokea chavua kutoka nchi za Baltiki na Urusi kabla vishada vyake havijafunguka, na Denmark huletewa kutoka Poland na Ujerumani. Marekani kuna mfano wa mreteni wa Texas, unaochanua Desemba na Januari. Kila hewa baridi na kavu inapoingia kutoka kaskazini, mireteni ile humwaga chavua kwa wingi hata ikaonekana kama moshi, na kuna wanaodhani msitu unawaka. Upepo ukigeuka na kutoka kusini, chavua hiyo hufika Tulsa, Oklahoma, katikati ya majira ya baridi ambapo mtu hatarajii chafya isipokuwa ya mafua.

15. Kuishi pwani au milimani kunasaidia?

Pwani husaidia pale upepo unapotoka baharini, maana bahari haina miti. Lakini upepo wa nchi kavu wa usiku na asubuhi huipeleka chavua juu ya maji, na upepo wa bahari wa mchana huweza kuirudisha ileile. Milimani halijoto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo msimu huchelewa. Wapo wanaoutumia mwanya huo kuukimbia msimu wa bondeni, mradi warudi kabla haujawafuata juu.

## Vipimo na utabiri

16. Chavua iliyo hewani hupimwaje?

Daktari wa Manchester, Charles Blackley, ambaye mwenyewe aliteswa na mafua haya ya chavua, alinasa chavua kwenye vioo vilivyopakwa kitu cha kunata, akavirusha hadi angani kwa tiara, na mwaka 1873 akachapisha kwamba ipo nyingi huko juu. Chombo kinachotumika zaidi Ulaya hadi leo kinatokana na kile cha mwanasayansi Mwingereza J. M. Hirst cha mwaka 1952. Huvuta lita 10 za hewa kwa dakika, kiasi kinachokaribia pumzi ya mtu, na kuipitisha kwenye utepe wenye gundi unaosogea milimita 2 kila saa. Utepe huo hupelekwa kwenye hadubini, na mtu huketi akahesabu chembe moja moja. Matokeo hutolewa kama idadi ya chembe katika mita moja ya ujazo wa hewa.

17. Utabiri ulisema chavua ni kidogo, lakini niliumia. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Chombo kimoja kilicho juu ya paa huwakilisha mji mzima, ilhali mbetula mmoja mbele ya mlango wako hauwakilishwi na yeyote. Kuhesabu kwa hadubini kunachukua muda, kwa hiyo takwimu ya leo mara nyingi ni ya jana au juzi. Isitoshe, pua iliyochokozwa kwa majuma mawili huwa nyepesi kukasirika, na mwishoni mwa msimu chembe chache hufanya kile ambacho mwanzoni kilihitaji nyingi.

18. Sina programu ya chavua, nina ya hali ya hewa tu. Niangalie nini?

Angalia unyevu wa hewa wa saa sita mchana, mwelekeo wa upepo, na mvua ya siku mbili zilizopita, kwa mpangilio huo. Unyevu mdogo, upepo kutoka kwenye misitu, na mvua iliyokoma jana ni mseto mbaya kuliko yote. Siku hiyo anika nguo ndani, vaa barakoa ya kawaida ukitoka, kwani chembe hizi ni kubwa kiasi cha kuzuilika nayo, na osha nywele kabla ya kulala ili usiihamishie chavua kwenye mto.

19. Miti imekwisha kutoa majani, vishada vimeanguka, na bado nina dalili. Inawezekana?

Inawezekana. Vishada vilivyokauka hulala kando ya barabara vikiwa na mabaki ya chavua, na siku kavu yenye upepo, au fagio la mtunza bustani, huyainua tena. Zipo pia chembe zinazoletwa kutoka kaskazini zaidi, ambako msimu ndiyo kwanza umeanza (tazama swali la 6 na la 14). Dalili zikiendelea kupita mwanzoni mwa Juni katika Ulaya ya Kati, mtuhumiwa si mbetula tena, bali ni nyasi, na hizo daktari huzipima kwa kipimo chake peke yake.